Bata Wana Wakili

Kwa mjomba na wote wa Newala, na ninyi wa Masasi mtakaosomewa kwa simu,

Huku Ottawa, Kanada, tunaendelea. Barafu ya mtoni imeanza kuachia, na leo asubuhi nimechelewa kazini kwa sababu ya bata.

Msicheke kwanza. Ni bata bukini, shingo nyeusi, shavu jeupe, anavuka barabara na mkewe kwa mwendo wa mwenyekiti wa kijiji anayejua kikao hakianzi bila yeye. Basi zima likasimama. Dereva hakupiga honi, abiria hawakusonya. Kwetu nusu wangeshuka kumgombeza dereva na nusu wangekimbiza kitoweo. Mle ndani niliyekuwa nakadiria kilo ni mimi peke yangu.

Ndege hawa hutoka Marekani kila baridi inapoisha. Wakitua kando ya Mto Ottawa, kazi ni kula. Wanachuna majani machanga tangu alfajiri. Wengine wanazamisha kichwa, mkia juu, wanang'oa mimea ya chini ya maji. Nikiwatazama wakifukua matope nakumbuka ming'oko tunayochimba nyumbani, mate yananijaa. Hapohapo nawatamani na bata wenyewe, kisha nakumbuka sheria.

Sheria yenyewe, mjomba, uisikie umekaa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno walivuka Ruvuma wakaiteka Newala, Wajerumani wakaja kuwatimua. Mwaka huohuo Mwingereza, vita vimemjaa mikononi, alipata nafasi ya kutia saini, kwa niaba ya Kanada, mkataba na Marekani ili ndege wanaohama kati ya Marekani na Kanada wasiuawe ovyo. Babu zetu wanabebeshwa mizigo ya vita, bata wanawekewa wakili! Mpaka leo yai lake huligusi bila kibali. Kuwinda kuna msimu wake, kuanzia Septemba, kwa kibali chenye stempu. Bata wakizidi, watu wenye ruhusa huyapaka mayai mafuta yasianguliwe, na mama mtu anaendelea kuatamia, hana habari. Yai limeshatiwa mafuta, na bado hakuna aliyefikiria kikaango!

Sasa mashine. Mtoni humu kuna kisiwa kinaitwa Petrie Island, chenye ufukwe wa kuogelea. Bata waliugeuza choo. Mwaka 2013 mji ukaleta droni yenye spika: iliruka juu yao ikitoa sauti za wanyama na ndege wanaowawinda, nao wakatimka. Aliyeirusha alikuwa mtu mzima, na alilipwa. Mjomba, kumbuka mpunga wako wa bondeni Ruvuma. Droni nilikuwa mimi. Nilipanda dunguni na debe na kombeo kabla jua halijatoka, mshahara uji, na ndege wakitua upande wa pili nilichapwa mimi, wao wakaendelea kula. Siku hizi kurusha droni ya kazi kunataka cheti. Nina miaka ya kuamia ndege, lakini debe halina cheti.

Kinachonichoma ni mto wenyewe. Maji ya Newala mnayajua. Ruvuma tunaitazama toka Shimo la Mungu, inang'aa kule chini, Msumbiji ng'ambo, na nyumbani ndoo ni tupu. Huku mto unapita karibu na mlango wangu, na sina wa kumwambia twende tukateke. Jioni nakaa ukingoni ndani ya jaketi lililonizidi, nawasalimia bata kwa Kimakonde. Wananitolea shingo, wananizomea. Nimeamua kuwa hawa ni Wayao, watani zangu, na moyo unatulia kidogo.

Watu wa Masasi, mwambieni bibi nakula vizuri, ila chakula cha huku hakina mchanga wala maneno ya jirani, kwa hiyo hakishibishi. Anayepata safari ya huku anibebee korosho zilizobanguliwa nyumbani. Dukani ninaziona, zimefungwa kwa bei ambayo mkulima wa Newala akiisikia atakaa chini.

Wadogo zangu, mikorosho yangu isikose salfa mwaka huu. Pesa ya kupulizia nitaituma kabla ya Juni. Safari hii nataka picha ya mikorosho, si picha ya pikipiki.