Yah: Pongezi kwa Kumaliza Somo la Damu Kabla ya Chai

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Seneti na Kamati za Mitaala,
Vyuo vyetu vyote vinavyofundisha udaktari, uuguzi na maabara.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya, na zamu yangu kubwa ni ya usiku, kulinda friji ya damu. Joho sina, ila ufunguo ninao. Kwa mamlaka hayo madogo naomba niwapongeze.

Kwanza nawapongeza kwa kasi. Karl Landsteiner wa Vienna alichapisha habari za makundi ya damu mwaka 1901, akapewa Nobel mwaka 1930, na mwaka 1940 yeye na mwenzake Wiener walikuwa bado wanatuongezea habari za Rh. Karibu miaka arobaini ya mtu mwenye akili timamu! Ninyi, kadiri vijana mnaotuletea wanavyonisimulia, mnaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Slaidi moja ya A, B, AB na O, slaidi ya Rh, picha ya chupa, maswali hakuna, wiki ijayo tunaanza lukemia. Lukemia ina ratiba yake ya kueleweka, nami sina ugomvi nayo. Ila daktari wa wilaya atakutana nayo kwa nadra, na chupa ya damu ataiandikia fomu kabla hajaijua njia ya kwenda kantini.

Fomu zenyewe ni burudani. Pana sehemu ya kuandika sababu ya kuomba damu, nao huandika: "Damu imepungua." Hilo nilishalikisia. Wengine huandika "kuongeza nguvu", kana kwamba mimi nauza supu. Imepungua hadi ngapi, mgonjwa anapumuaje, anavuja au havuji, hayo ni siri kati ya daktari na dhamiri yake. Mwaka 2019 watafiti wa jaribio liitwalo TRACT, waliofanya kazi hapo jirani Uganda na kule Malawi, walichapisha matokeo ya watoto wenye himoglobini kati ya 4 na 6 ambao hawakuwa na dalili za hatari. Walioongezewa damu papo hapo, na waliosubirishwa huku wakiangaliwa kwa karibu na kuongezewa pale tu hali ilipodai, hawakuonyesha tofauti ya vifo kufikia siku ya 28. Nilimweleza intani mmoja habari hiyo akaniuliza kama itatoka kwenye mtihani. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba haitatoka. Na chupa aliyoichukua saa tatu usiku kwa ajili ya kuongeza nguvu ndiyo tuliyoanza kuitafuta saa nane, mama aliyejifungua alipokuwa anavuja damu.

Pili nawapongeza kwa kuniamini mimi kupita kiasi. Watu wengi, wasomi wakiwemo, wanadhani hatari ya damu ni virusi, na virusi ni kazi ya maabara, basi maabara imalize. Tangu Mpango wa Taifa wa Damu Salama uanzishwe mwaka 2004, damu ya mchangiaji hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Vizuri sana. Lakini Uingereza, ambako tangu 1996 wanakusanya taarifa za madhara ya kuongezewa damu kupitia mfumo wanaouita SHOT, mwaka baada ya mwaka sehemu kubwa ya taarifa hizo ni makosa ya binadamu: sampuli ya huyu yenye jina la yule, chupa ya kitanda cha tatu iliyotundikwa kitanda cha nne. Na baadhi ya hospitali zao zina bangili zinazosomwa na mashine. Sisi tuna plasta na kalamu.

Hapa naomba tuende polepole, maana ndipo slaidi yenu inapokatikia. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na B tayari mwilini, hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani. Akipewa damu ya A, chembe nyekundu zinapasuka ndani ya mishipa, presha inashuka, figo zinaweza kuzima, na haihitajiki chupa nzima. Mtasema: si ndiyo maana tuna krosimachi? Naam. Lakini mimi huoanisha damu ya mchangiaji na kile kilichomo kwenye tyubu niliyoletewa. Kama tyubu imebeba damu ya jirani yake, majibu yangu yatakuwa safi kabisa. Nitaweka saini kwa mwandiko mzuri, na jirani huyo, ambaye hakuhitaji damu, ndiye atakayekuwa ameoanishwa kikamilifu. Kumbukumbu ya kundi la damu alilopimwa zamani ingenishtua, ila wagonjwa wetu wengi hawana kumbukumbu hiyo. Hakuna darubini ya kugundua kwamba lebo iliandikwa mezani badala ya kando ya kitanda.

Najua jibu lenu, mmeshaanza kulichapa: shahada tunayo. Ni kweli. Muhimbili kuna uzamili wa magonjwa ya damu na uongezaji damu, na India daktari anaweza kusoma miaka mitatu akawa bingwa wa uongezaji damu peke yake. Mabingwa hao nawaheshimu; nikikutana na kingamwili inayonishinda huwapigia simu, na hupokea. Lakini bingwa yuko huko Muhimbili, Upanga. Chupa iko wodini kwetu, mikononi mwa intani aliyekesha na muuguzi mmoja mwenye wodi nzima. Kuongeza bingwa wa pili Upanga kutapunguza foleni ya simu.

Au mtaleta semina. Tunazijua: bango, chupa ya maji, posho, na cheti cha kushiriki, ambacho kinathibitisha kwamba mtu alikuwepo. Anayekwenda ni mganga mfawidhi, kwa kuwa barua inaanzia kwake na haina sababu ya kuendelea mbele. Sista wa zamu ya usiku hajawahi kuiona. Linganisheni: kijana wa bodaboda anaulizwa leseni na trafiki kila kona kwa kumbeba mtu mmoja hadi sokoni. Anayemtundikia mtu mililita 450 za damu ya mtu mwingine haulizwi hata kama aliwahi kusimamiwa akifanya hivyo.

Labda mnangoja mshindo. Kenya iliijenga huduma yake ya taifa ya damu baada ya bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Siku hiyo hiyo jingine lililipuka Dar es Salaam. Sisi tunaoua mmoja mmoja, kimyakimya, wodi mbalimbali, hatuna mshindo wa kuwatosha.

Ombi langu ni mtihani mmoja tu, na hauhitaji ukumbi. Mleteni mwanafunzi wodini usiku, wa udaktari au wa uuguzi, sichagui. Awakute wagonjwa wawili wenye jina moja, na baba zao wameitwa jina moja, na mmoja amehamishwa kitanda kwa sababu paa linavuja. Achukue sampuli. Akisema, "Wewe ndiye fulani, si ndiyo?" amefeli, maana mwenye homa hujibu ndiyo kwa kila kitu; amwache mgonjwa ataje jina lake mwenyewe. Akiondoka na tyubu isiyo na lebo, amefeli. Chupa ikija, asome na mwenzake kwa sauti, chupa kwa mgonjwa, siyo chupa kwa faili. Dakika 15 za mwanzo akae hapo hapo, simu mfukoni. Mgonjwa akianza kutetemeka au kulalamika mgongo, naomba nione mkono wake ukifunga damu kabla mdomo haujaita daktari, mshipa ubaki wazi kwa maji ya chumvi, na chupa irudi kwangu. Chupa ikipita saa nne tangu itoke kwenye friji, ishushwe, hata kama imebaki kidogo na inauma kuitupa.

Anayefeli arudie, hata akiwa mtoto wa profesa. Asiyeufanya asitundike.

Wodi ipo, giza lipo, mimi nipo. Watahini watakaokuja wasiweke tu soda zao kwenye friji yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mtunza ufunguo, Benki ya Damu.

Nakala: Mganga Mfawidhi, na hii naomba ivuke meza yake.
Fundi wa jenereta, kwa taarifa na dizeli.