Sifa za Dalali wa Nyumba

Wengine na wasifu majemadari. Mimi namsifu dalali wa nyumba wa Dar es Salaam, yule aketiye chini ya mwarobaini kule Tabata au Sinza, simu mbili mkononi, kibao kimeegemezwa kwenye shina: CHUMBA, MASTA, SEBULE, FREMU, VIWANJA. Hana ofisi, kwa hiyo hajawahi kumfungia mtu mlango.

Kwanza tumpe haki yake ya elimu. Marehemu hajafikishwa makaburini Kinondoni, yeye keshajua chumba kinabaki wazi. Serikali ilipohamia Dodoma, alizijua nyumba zitakazohamwa kabla wenyewe hawajaanza kufunga mizigo. Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalipotaifishwa, aliwekwa Msajili wa Majumba kuyasimamia, mwenye sheria, majalada na mihuri. Kufika 1990 Msajili kafutwa, majumba yake limepewa Shirika la Nyumba. Dalali hakuwa na jalada hata moja la kukabidhi, na bado yupo chini ya mti wake.

Halafu lugha yake. Akisema “dakika tano kutoka lami,” hasemi uongo. Hajakwambia tu kwamba ni kwa bodaboda, usiku wa manane, dereva anawahi msiba. “Maji hayakatiki” ni kweli tupu, maana hayajaunganishwa. “Mwenye nyumba hakai hapa” ni kweli pia: anakaa nyumba ya pili, dirisha lake linatazama mlango wako. Na mtaa umetulia, bosi wangu, umetulia kabisa, mpaka Jumamosi kigodoro kinapoanza.

Watu hulalamikia ile elfu kumi unayotoa kabla hujaonyeshwa kitu. Sioni kwa nini. Wenyewe wanaiita hela ya usumbufu. Ni biashara gani nyingine mjini hapa inayoitaja bidhaa yake waziwazi namna hiyo?

Kuna na mwezi wake. Ukilipa kodi ya miezi sita umelipa saba, na huo wa saba hutaulalia hata usiku mmoja. Lakini usidhani anakula peke yake. Dalali ana dalali mwenzake, na mwenzake ana wake. Niliwahi kwenda kuangalia chumba kimoja Kimara nikiwa na madalali wanne, tumefuatana kwenye kichochoro mguu kwa mguu, mpaka bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akatuuliza posa tunaipeleka nyumba gani.

Na nani mwingine aliyetufanya tuandike? Pita Mbagala, pita Magomeni, soma kuta: NYUMBA HII HAIUZWI. Rangi nyekundu, herufi kubwa, wakati mwingine namba ya simu chini yake. Mwenye nyumba karudi kutoka mkoani kakuta watu wanapimapima uwanja wake kwa kamba, ndipo akaona umuhimu wa kalamu. Wenye chuki watasema hapo kuna mkono wa dalali. Mimi nasema siku nyumba inapouzwa mara mbili, dalali huwa kasafiri, na mtu hawezi kulaumiwa kwa safari.

Jumamosi iliyopita nilibishiwa hodi saa moja asubuhi. Ni yeye, aliyenipangisha hapa, na nyuma yake kijana na mkewe, begi la mtoto begani. “Samahani kaka, nawaonyesha tu.” Nikamwambia sihami. Akatabasamu kwa huruma, kama daktari aliyeyaona majibu ya vipimo kabla ya mgonjwa, akapita ndani, akafungua dirisha. Yule dada akauliza maji yakoje. Dalali akanigeukia mimi.

“Hayakatiki,” nikasema.