Bao la Mhanga

Siku ya mnada wa Katesh, wanyama walifika na mali zao kama ilivyo desturi. Heroe wa Ziwa Balangida walileta chumvi, nyani wa msitu wa Nou walileta asali, na ngiri wa Basotu walileta ngano waliyookota mashambani baada ya mavuno. Jua lilipofika utosini, Mbweha alipanda juu ya kichuguu, akakohoa mara mbili, akakunjua ngozi.

Ilikuwa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta, imeshonewa shanga nyekundu, nyeupe na buluu na mkono hodari. Shanga zile zilichora bao. Halikuwa bao la mashimo 32 na kete 64 ambalo kila aliyekuwepo alilijua tangu utoto. Hili lilizunguka Ziwa Basotu lote na mashimo yake hayakuhesabika. Kwenye pembe moja kete ilikuwa inaogelea. Kwenye pembe nyingine kete mbili zilikuwa zinafukuzana bila kuguswa na mkono.

"Ndugu zangu wa Hanang, na ninyi mliotoka Mbulu," alisema Mbweha, "bao hili analichimba Mhanga. Kila shimo lina njia ya kwenda shimo jingine. Utacheza mwaka mzima usirudie njia uliyopita. Mavuno yajayo yakiisha, litakuwa tayari."

Mnada ukalipuka. Heroe walianza kucheza ngoma, shingo zao zikigeuka upande mmoja kwa pamoja. Vijana wa nyani waliinamia ngozi wakaichambua shanga kwa shanga. Mmoja alisema ile shanga nyeusi ukingoni ni mlango wa pango la siri. Mwenzake akasema hapana, ni kivuli cha Mhanga mwenyewe, ataonekana mwisho wa mchezo. Kabla jua halijapinda walikuwa wameshabuni bao kubwa kuliko lile Mbweha alilolisema, nao wakaliamini.

Nungunungu alikuwa ameshatoa hukumu kabla ngozi haijakunjuliwa nusu. "Uongo mtupu," alisema, miiba imemsimama. "Mhanga hajui kuchimba kitu zaidi ya nyumba za mchwa. Hakuna bao hapo, na ninyi nyote ni wajinga."

Kobe hakusema neno. Alisogea taratibu hadi mbele ya kichuguu, akainua shingo.

"Bwana Mbweha, wewe mwenyewe umelicheza?"

"Nimeliona, mzee wangu."

"Nimeuliza kama umelicheza."

"Kazi inaendelea," alijibu Mbweha, kisha akapaza sauti juu ya kichwa cha Kobe. "Anayetaka nafasi alipe leo! Akichelewa, zitakwisha!"

"Kitakwisha nini?" Kobe aliuliza. "Mhanga akimaliza kuupanga mchezo, kila mwenye kucha ataufuata mpangilio ule na kuuchimba nyumbani kwake. Udongo wa Hanang uliwahi kwisha lini?"

Swali lile lilikuwa zito, na wachache walianza kunong'ona. Lakini Mbweha aliijua kazi yake. Alitoa mfukoni kete moja iliyopakwa rangi ya dhahabu, akaiinua juani. "Atakayelipa leo atapata hii. Atakayelipa kesho hataipata." Heroe wakaacha ngoma, wakakimbilia chumvi yao.

Juu ya mgunga alikuwa ametua Mbayuwayu, aliyefika juzi kutoka Ulaya. "Na mimi niseme niliyoyakuta huko," alisema. "Wanadamu walitangaziwa mchezo unaoitwa Duke Nukem Forever mwaka 1997. Waliupata mwaka 2011. Waliokuwa watoto walikuwa wameshakuwa wazazi, na mchezo wenyewe uliwavunja moyo. Mwaka 2012 wakatangaziwa Cyberpunk 2077. Ulipotoka Desemba 2020, nakala milioni 8 zilikuwa zimeshalipiwa kabla mnunuzi hajagusa kitu. Kwenye mashine za zamani za PlayStation ulikuwa unakwama na kujizima. Wiki moja baadaye Sony, wenye PlayStation, wakauondoa kwenye duka lao, wakaahidi kurudisha fedha."

"Mmesikia!" akadakia Nungunungu. "Yote ni wizi!"

"Nimesema yaliyotokea," alijibu Mbayuwayu. "Sijasema yote hutokea hivyo."

Hakuna aliyemsikiliza. Hadi jua linazama, chumvi, asali na ngano vilikuwa vimerundikana nyuma ya kichuguu, na Mbweha alihitaji punda watatu kuvibeba.

Usiku ule Kobe alishika njia ya Basotu. Alimkuta Mhanga shimoni, udongo ukiruka nyuma yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Mhanga, akatoka akijikung'uta.

"Marahaba, mwanangu. Bao liko wapi?"

Mhanga alimwonyesha kwa mwanga wa mwezi. Yalikuwa mashimo manne. Kobe aliingiza mguu katika moja akapapasa kingo zake. Zilikuwa laini, zimeshindiliwa kwa mkia mara nyingi, na chini palikuwa na njia nyembamba iliyopinda kwa ustadi ambao hakuwahi kuuona. Kucha za Mhanga zilikuwa zimelika hadi karibu na nyama.

"Katika yale uliyoyaona kwenye ngozi, yaliyopo ni haya tu," alisema Mhanga. "Mengine yote bado."

"Nani basi aliyesema mavuno yajayo?"

"Ni Mbweha. Mimi nilimwambia miaka mitatu."

"Mbona hukuja kusema mnadani?"

"Mimi ni wa usiku, mzee. Mnada ni wa mchana."

Mavuno yakaja, yakaisha. Mbweha alipanda tena juu ya kichuguu akasema Mhanga anasugua kingo, asubiriwe hadi pepo za kiangazi zitulie. Heroe waliokuwa wameshangilia ndio waliokasirika zaidi. Kundi zima liliruka hadi Basotu mchana kweupe, wakati Mhanga amelala, wakamtupia mawe mlangoni wakimwita tapeli. Kobe aliwafikia wakiwa wameishiwa mawe.

"Aliyewapa tarehe hakai humu," aliwaambia. "Aliyekula chumvi yenu hana hata doa la udongo kwenye kucha. Ninyi mnampiga mawe yule mmoja anayefanya kazi."

Pepo zilipotulia, Mbweha hakukubali tena kungoja. Alikuwa ameshalipwa, na waliolipa walikuwa wanapiga kelele, hivyo aliona heri bao lifunguliwe lilivyo. Mhanga alichimba wiki nzima bila kulala, mashimo yasiyozidi kina cha kwato.

Wanyama walimiminika Basotu kutoka Dongobesh, Haydom hadi bonde la Yaeda. Mashimo manne ya kwanza yaliwatoa machozi ya furaha. La tano lilikuwa na ukuta mwembamba. Ngiri alipotia kete, ukuta ulibomoka na mashimo mawili yakawa moja. Kete za nyani ziliingia kwenye njia ya mchwa zisionekane tena. Kete za dhahabu ziliwachafua vidole, na chini ya rangi palionekana kokoto ya kawaida. Walipomtafuta Mbweha, waliambiwa ameonekana upande wa Mbulu, juu ya kichuguu kingine, akikunjua ngozi mpya.

Nungunungu alicheka hadi miiba ikamdondoka. "Niliwaambia! Niliwaambia!"

"Ulituambia," alisema Kobe, "lakini ulimsaidia nani? Hukumwuliza Mbweha hata swali moja. Hukwenda kulitazama bao. Ulitutukana sisi, na aliyetukanwa huziba masikio. Kama ungeuliza nani amelicheza, labda wawili watatu wangebaki na asali yao."

Baraza likakaa chini ya mgunga siku mbili. Heroe walitaka ngozi zipigwe marufuku mnadani, asitangaze yeyote mchezo wowote. Kobe alikataa. Alisema furaha waliyoipata nyani wakichambua shanga ilikuwa furaha ya kweli, na hakuna aliyeibiwa kwa kufurahi. Walioibiwa waliibiwa walipofungua mifuko. Mwishowe baraza likaweka sheria mbili. Ya kwanza, kila ngozi ikunjuliwe na ishangiliwe, lakini chumvi, asali na ngano visiguswe mpaka mmoja wa wanyama awe ameucheza mchezo kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho na kurudi kuwaeleza wenziwe. Ya pili, tarehe itajwe na anayechimba.

Mhanga hakukimbia. Hakupewa ngano wala hakuiomba. Kila usiku alirudi Basotu, akazibua njia, akashindilia kingo, akayafanya mashimo yote yawe na kina cha yale manne. Ilimchukua miaka ileile mitatu aliyoitaja tangu mwanzo. Usiku mmoja alijikaza akaja mwenyewe barazani, akasimama gizani, akasema: "Wakubwa zangu, sasa liko tayari."

Walimtuma nyani mmoja. Alikaa Basotu siku nyingi, akarudi amekonda, macho yanang'aa, akasema kwa ufupi: "Nendeni." Wakaenda wote. Nungunungu alikaa mbali na kuendelea kusema hakuna bao, wakati watoto wake mwenyewe wanasikika kule ziwani wakigombania zamu.

Mwaka huo Mbayuwayu alipofika aliwaletea habari nyingine. Kikundi kidogo cha mafundi wa Adelaide, Australia, kilitangaza mchezo wa Hollow Knight: Silksong mwaka 2019, kisha kikanyamaza. Wengi walikata tamaa, kuusubiri kukageuka mzaha. Septemba 2025 mchezo ukatoka, umekamilika, kwa dola 20. Umati ulioukimbilia ulikwamisha maduka ya mtandaoni siku ileile, na wachezaji wakausifu.

Hekaya imeishia hapo, msomaji wangu, lakini jambo lenyewe halijaisha. Desemba 2023 kampuni ya Rockstar Games ilitoa trela ya kwanza ya Grand Theft Auto VI, ikasema mchezo ungetoka mwaka 2025. Vijana walioanza na San Andreas, gemu ya mfululizo huohuo ya mwaka 2004, kwenye vibanda vya gemu, pedi ikipita mkono kwa mkono, waliichambua trela ile picha kwa picha. Mwaka 2025 ukafika, tarehe ikasogezwa hadi 26 Mei 2026, kisha ikasogezwa tena hadi 19 Novemba 2026. Wengine walikasirika. Mimi naona fundi anayeomba muda kabla hajauza anastahili shukrani, kwa sababu watengenezaji wa Cyberpunk waliahirisha zaidi ya mara moja na bado wakauza kitu kibichi, na waliolipa mapema ndio walioumia.

Zamani kulipa mapema kulikuwa na maana. Mchezo ulikuja kwenye kaseti au diski, duka lilipokea chache, na aliyechelewa alikosa. Leo gemu nyingi hupakuliwa kwa intaneti. Nakala ya milioni 10 ni sawasawa na ya kwanza, haiwezi kwisha. Kwa hiyo anayekuharakisha kulipia kabla mchezo haujatoka hana cha kukuwahisha. Anataka uamuzi wako kabla hujapata habari, na zawadi za waliolipa mapema, vazi la mhusika au silaha ya rangi, zimewekwa kwa kazi hiyo.

Msiwachoke mafundi pia. Gemu ya No Man's Sky ya Hello Games, kampuni ndogo ya Uingereza, ilitangazwa mwaka 2013. Ilipotoka Agosti 2016 mengi yaliyotarajiwa hayakuwemo. Kabla ya hapo, ilipoahirishwa, walioitengeneza walitishiwa kuuawa. Ni aibu kubwa kwa wachezaji. Mafundi wale waliendelea kufanya kazi, wakatoa maboresho bure mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2018 wachezaji wakaweza hatimaye kucheza pamoja kikamilifu. Aliyesubiri akanunua wakati huo alipata mchezo mzuri, na hakumtukana mtu.

Gemu kubwa mpya mara nyingi huuzwa dola 60 au 70. Kwa kijana wa Haydom au Dongobesh hizo ni siku nyingi za kibarua shambani, na bado hajalipia bando la kupakulia makumi ya gigabaiti. Fedha ya namna hiyo ilindwe. Ukinunua kupitia duka la mtandaoni la Steam, jua kwamba unaweza kurudishiwa fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Tumia haki hiyo. Ukiwa na marafiki, changeni mmoja anunue, acheze, awaeleze kweli yote, mabaya na mazuri.

Shangilieni trela, bishaneni juu yake usiku kucha, hilo halina gharama wala dhambi. Lakini swali la Kobe liulizwe kila mara kabla ya kulipa: nani amelicheza? Kama jibu ni hakuna, mfuko ubaki umefungwa.