Barua ya Wazi kwa Madhehebu Nane Yanayotuchagulia Mwamuzi

Waheshimiwa Baba Maaskofu, Baba Wachungaji, Mashehe, na maafande wetu wa Jeshi la Wokovu,

Salamu kutoka Kalemie. Ziwa Tanganyika liko mahali pake, kwa leo.

Nawaandikia mapema kwa sababu muhula wa Bwana Denis Kadima kwenye kiti cha CENI, tume ya uchaguzi ya Congo, ni wa miaka 6, naye aliuanza Oktoba 2021. Mwaka 2027 mtaketi tena kumtafuta mwamuzi wa kura zetu, na kazi kama hiyo inahitaji muda wa kufunga na kuomba. Nikisema kufunga, nina maana ya chakula, si milango.

Msidhani napinga ninyi kugusa mambo ya dola. Sisi wa Tanganyika tumezoea. Hapo Mpala, kusini mwetu, mwaka 1885 kituo cha watu wa Mfalme Leopold kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na miaka miwili baadaye akaja Kapteni Joubert na bunduki zake kuwalinda. Shule nyingi wanakosoma watoto wetu zina jina la dhehebu kwenye kibao. Mobutu alizitwaa mwaka 1974, na 1977 akazirudisha mwenyewe, zikiwa zimemshinda. Hata Katiba ya 2006 haijaamua sawasawa: kifungu cha kwanza kinasema dola halina dini, kifungu cha 74 kinamwapisha Rais mbele ya Mungu na taifa. Mungu anaitwa kuwa shahidi kila baada ya miaka 5, kisha hakuna anayerudi kumuuliza aliona nini.

Kwa hiyo karibuni. Ila tukumbushane kidogo ya 2021. Mlitakiwa mtafute mwafaka. Mungu mmoja mliyemwomba nyote nane akajibu mara mbili: sita aliwaambia Kadima, Wakatoliki na Waprotestanti wa ECC akawaambia mtu huyo yuko karibu mno na Rais Félix Tshisekedi. Hao wawili wakalalamika hadharani juu ya vitisho na shinikizo. Agosti mwaka huo watu wakarusha mawe kwenye makazi ya Kardinali Ambongo kule Kinshasa. Hatukujua kwamba siku hizi mwafaka unatafutwa kwa mawe. Mwishowe Bunge likapitisha jina la wale sita, na kila mmoja akarudi kwenye mimbari yake kuhubiri umoja.

Kabla ya hapo, mwaka 2015, lilipita kwenu jina la Corneille Nangaa kwa kiti hicho hicho. Yeye ndiye aliyetangaza matokeo ya uchaguzi wa 2018, na maaskofu wa CENCO, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000 vituoni, wakasema hayalingani na walichokiona. Mwaka 2023 Nangaa huyo huyo akaanzisha muungano wa AFC, akashikana mkono na waasi wa M23. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwao. Siwalaumu sana. Hata Yesu alichagua 12 na mmoja akamuuza. Lakini yeye alibaki na 11. Ninyi mnachagua mmoja tu.

Watu wa Kinshasa wanasema mmeingia mno kwenye siasa. Mimi naona hamjaingia inavyopasa: mnavua maadili mlangoni kama viatu, mnaingia miguu mitupu kwenye chumba chenye misumari, halafu mnashangaa kuchechemea. Muumini anayeungama dhambi anaulizwa ngapi, na nani, na tangu lini. Mgombea wa CENI aliulizwa nini? Nani alijibu vibaya? Waumini wa Kalemie tuliambiwa jina.

Basi mwaka 2027, tafadhali, wahojiwe redioni, kwa Kiswahili, Kilingala, Tshiluba na Kikongo, sisi tukisikiliza. Kila dhehebu litaje jina lake, kura yake na sababu yake, bila kujificha nyuma ya Roho. Na kabla ya yote mtangaze mlichopokea kwa wanasiasa tangu 2021: mabati, simenti, bahasha, jeep. Kifungu cha 99 kinamtaka Rais na mawaziri wataje mali za familia zao wanapoingia na wanapotoka. Ni jambo la aibu kidogo waziri wa Congo awatangulie ninyi kwa unyofu, hata kama ni kwenye karatasi tu.

Mkiona Kinshasa ina kelele, njooni mkutanie huku. Treni ya SNCC kutoka Kabalo inafika hapa. Saa ngapi, sitasema uongo mbele ya watumishi wa Mungu.

Jibu lenu lisomwe Ijumaa misikitini na Jumapili makanisani. Huko makanisani naomba liwahi kabla ya sadaka ya pili, maana ikifika hapo nusu yetu huwa tumeshatoka.

Mpiga kura mmoja wa Kalemie