Heko, Mla Oili Chafu

Wengine na wawasifu wanariadha wa Eldoret. Mimi leo namsifu bakteria wa gereji.

Apite mtu Kesses, pale kando ya barabara ambapo matatu hufunguliwa sampu na oili ikamwagwa papo hapo. Nyasi zilikwisha kufa zamani. Udongo ni mweusi, ukiufinya unanata vidoleni na unanuka dizeli hadi jioni. Wewe unaona uchafu. Yeye anaona karamu. Gramu moja ya udongo huweza kubeba bakteria bilioni nzima, na miongoni mwao wamo ambao mafuta ndiyo chakula chao.

Huanza na vilivyo laini, ile minyororo ya kaboni iliyonyooka kama ya dizeli. Huivunja kwa msaada wa oksijeni, ikaishia kuwa maji na kaboni dayoksaidi. Pete za kaboni zilizoshikamana huzizungukazunguka miaka na miaka, kama mtoto anayekwepa sukuma wiki.

Na kazi yote hiyo bila tenda, bila posho, bila warsha ya siku tatu Naivasha. Hawajawahi kugoma, sifa ambayo majirani wa Chuo Kikuu cha Moi wataielewa.

Ila ni wenyeji kamili wa Uasin Gishu: lazima wapate mbolea. Mafuta yana kaboni tele, lakini bila naitrojeni na fosforasi hawazaani. Watilie DAP kidogo, ugeuze udongo kwa jembe hewa iingie, uweke unyevu, kisha uone wanavyochapa kazi. Baridi ikizidi huzembea. Hilo nawasamehe, nani aliye na haraka Kesses mwezi wa Julai?

Kuna kitu kimoja kinachowashinda kabisa: metali. Risasi haiozi wala haivunjiki, hata ikiliwa na nani. Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliochafuliwa ardhi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, kwa uchafu ambao bakteria hawa wasingeuweza. Na oili chafu nayo hutoka kwenye injini na metali zake.

Mwenye gereji amezisikia sifa hizi, tena ile nusu ya kwanza tu, akafurahi mno. Kwa ukarimu wake, jioni hii anawaongezea debe.