Mambo Saba kwa Anayelala Kwenye Gari Theta Masika Yakianza

Kodi ya Ruiru imezaa mafundi. Mtu ananunua matatu iliyostaafu, anang'oa viti, anatia kitanda, sinki na pazia la maua, kisha anaiegesha kwenye ploti ya shangazi yake kule Theta, Kiambu, na kutangaza kwamba yeye sasa ni msafiri. Safari yenyewe bado. Mwenyewe anaiita kempa. Watoto wa jirani wanaiita matatu ya kulala.

Hatuna ugomvi naye. Januari na Februari raha ni yake: nyota juu, vumbi chini, mwenye nyumba hayupo. Kisha Machi inabisha hodi na ndoo mkononi. Basi tuhesabu kurudi nyuma, tuanze na hofu isiyo na kazi na tumalizie na ile yenye kazi.

7. Kimbunga chenye jina

Swali la kwanza la kila mgeni wa maisha haya: "Na kimbunga kikija?" Kaa chini, unywe chai. Vimbunga vya baharini huzungushwa kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo hufifia kabisa ukikaribia ikweta. Theta iko digrii moja tu hivi kusini mwa ikweta, tena mamia ya kilomita kutoka baharini. Kimbunga Hidaya kilipotua Tanzania, upande wa Mafia, tarehe 4 Mei 2024, kiliishiwa nguvu muda mfupi baada ya kugusa nchi kavu. Zanzibar ilipigwa vibaya mwaka 1872, mikarafuu ya Unguja ikalala chini, lakini Unguja ni kisiwa, na wewe huna mkarafuu hata mmoja.

Usicheke sana, hata hivyo. Masika yaleyale ya 2024 yaliua karibu watu 300 nchini Kenya. Hayakuwa na jina wala jicho, na hayakupewa picha ya duara kwenye taarifa ya saa moja.

6. Turubai la kibarazani

Likunje kabla hujalala. Upepo unaotangulia mvua ya jioni haupigi hodi, na ukilikuta limetandazwa, turubai lako litaolewa Juja bila mahari. Mtungi wa gesi ufungwe, viti viingie ndani.

5. Mti wenye kivuli kizuri

Mchana mkaratusi ni rafiki, usiku wa dhoruba ni deni. Mkaratusi una tabia ya kuangusha matawi makubwa bila notisi, na mgrivea uliopandwa mpakani mwa shamba la kahawa huinama kwa upepo hadi siku ya kukatika. Kabla hujaegesha, tazama juu. Ukiona waya wa stima, sogea. Waya ukianguka juu ya gari nawe umo ndani, baki ndani, usiguse chuma, piga simu. Ukikanyaga ardhi huku mkono umeshika mlango, umeme unapata njia, na njia ni wewe.

4. Radi

Hapa uganga wa barabarani ni mwingi. Kijana mmoja alimweleza guka (babu) wa jirani, kwa heshima zote, kwamba hana wasiwasi kwa sababu matairi ni mpira. "Guka, radi haipiti mpira." Mzee akaendelea kumenya muwa wake. "Kijana wangu, hiyo radi imetoka mawinguni bila barabara. Itashindwa na mpira wa upana wa kiganja?"

Guka ameshinda kesi. Kinachokulinda ni bodi ya chuma, ambayo huupitisha umeme kwa nje hadi ardhini ukiwa umefunga madirisha na kukunja mikono. Na hapo matatu kuukuu inailaza chini karavani ya kifahari kutoka ng'ambo, kwa kuwa karavani nyingi ni faibaglasi, na faibaglasi haikukingi. Hema la juu ya paa ndilo kabisa: umejiweka mwenyewe kwenye sinia.

Ukiuona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo, gawa kwa tatu: hizo ndizo kilomita kati yenu. Ngurumo ya mwisho ikishapita, subiri dakika 30 kabla ya kutoka. Na ile ekstensheni iliyovutwa kutoka jikoni kwa shangazi, ikapita kwenye nyasi, ikaingia dirishani kwako? Ichomoe mapema, kabla tone la kwanza halijaanguka. Simu yako haihitaji asilimia mia kiasi hicho.

3. Jiko la makaa ndani

Sina mzaha hapa. Mvua imekaza, baridi imeingia, umefunga kila upenyo, na jiko lina makaa mekundu. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala haikukohoshi; unaweza kusikia usingizi mtamu tu. Chumba cha ukubwa wa matatu hujaa upesi kuliko nyumba ya mawe. Jiko likae nje. Ndani ni blanketi na soksi, hata kama soksi zenyewe ni za timu iliyofungwa.

2. Udongo mweusi

Ukiteremka kutoka lami ya Thika Road kuelekea tambarare za Juja, utakutana na ule udongo mweusi ambao Januari hupasuka mapande na kukudanganya kwamba ni zege. Aprili ni ugali ambao haujaiva, na umeukanyaga wewe. Gari likishazama hadi ekseli, nyumba yako yenye magurudumu imebaki nyumba tu, tena iliyojengwa vibaya.

Kwa hiyo egesha penye maramu, mahali pa juu, karibu na lami, pua ikitazama barabara. Tangi lisishuke chini ya nusu. Betri ijaribiwe kila wiki, maana gari lisilowashwa kwa miezi huwa na maoni yake. Na mashimo ya machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi Juja, yale yanayojaa maji ya kijani, yawe mbali nawe: kingo zake hulainika, na usiku hazionekani.

1. Maji yanayotoka kwingine

Mto Theta, kama Ruiru, Thiririka na Ndarugu, huanzia upande wa Nyandarua. Maana yake unaweza kulala ukizitazama nyota huku mvua ya kule juu ikishuka kukufuata. Mbingu yako haina habari. Mto ndio wenye habari. Ukibadilika rangi ghafla, ukianza kubeba matawi, au sauti yake ikiwa nzito kuliko jioni, hiyo ndiyo taarifa yako.

Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, Mai Mahiu, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya kalvati ya reli iliyoziba. Ilipoachia, nyumba zilizokuwa chini yake zilibebwa pamoja na watu wake wakiwa usingizini. Siku mbili baadaye Mto Talek ulivamia kambi za Maasai Mara na wageni wakaokolewa kwa helikopta. Kambi hizo ziliwekwa ukingoni kwa sababu ndiko kwenye mandhari, na kempa nazo huegeshwa kwa sababu hiyohiyo. Mei hiyo serikali iliwataka wanaoishi karibu na mabwawa 178 wahame. Kiambu ina mabwawa ya mashamba ya kahawa ya kutosha, basi uliza lililo juu yako liko wapi kabla hujashusha pazia.

Na kuvuka? Usivuke. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinaweza kulibeba gari dogo, 60 hubeba mengi ya makubwa, na kempa yenye ubavu mpana huyapa maji mahali pazuri pa kusukuma. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, Mwingi. Walikufa zaidi ya watu 30. Basi ni zito kuliko chochote utakacholalia.

Faida pekee uliyo nayo kumshinda jirani wa nyumba ya mawe ni kwamba nyumba yako inaweza kukimbia, nayo hukimbia vizuri ardhi ikiwa kavu. Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la mvua kubwa, ondoka mchana, uende ukaegeshe kwenye kituo cha mafuta kilicho juu, ununue mandazi, uonekane mwoga. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, iandike kwa kalamu juu ya usukani, maana simu huzimika.

Kutakuwa na mtu wa kukuzuia, hakosekani: "Aah, maji hayajawahi kufika hapa." Muulize kwa upole amehamia lini. Akikutajia mwaka wowote baada ya El Niño ya 1997, mshukuru, kisha washa gari.