Fundi Alisema Ni Waya

Mwaka 2006 mataifa ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati yalikutana Geneva yakakubaliana kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015, televisheni ya analojia iwe imekwenda zake. Walijadili masafa, minara na mipaka ya nchi. Hakuna aliyemkumbuka kijana wa paani.

Nyumba za Kibokoni, Mombasa, ni za ghorofa, kuta zake mawe ya matumbawe, nene, na vichochoro vyake ni vyembamba hata mkokoteni ukipita huna budi kujibandika ukutani. Antena zilikaa juu ya mabati, zimefungwa kwa waya, kamba na dua. Picha ikichafuka, kijana hupandishwa paani, mwengine husimama ngazini, na mwenye TV hutoa amri.

"Yaonekana?"

"Bado! Geuza upande wa Likoni!"

"Sasa?"

"Hapo hapo! Usiguse tena!"

Naye akiachia mkono tu, picha yaondoka. Kuna mechi binamu yangu alizimaliza amekumbatia chuma, akisimuliwa magoli kupitia ngazini. Khalati wa nyumba ya pili, ambaye TV yake ilikufa kitambo na yetu aliitazama kutoka dirishani kwake, naye alikuwa na kura. Mawimbi yakigonga kuta na kurudi, picha hutoka mara mbili mbili, na sisi tukisharidhika utamsikia: "Geuzeni bwana, huyo msoma habari ana vichwa viwili!" Antena hugeuzwa. Ndiye mtazamaji pekee niliyemjua ambaye hakulipa umeme wala hakukosa la kulalamikia.

Dijitali yenyewe ilitufikia na jina baya. Katika uchaguzi wa 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto walijinadi kuwa timu ya dijitali, na Raila Odinga akabandikwa analojia. Mombasa ilikuwa imempigia Raila kwa wingi. Basi king'amuzi kilipoanza kuhubiriwa, baraza la mtaani likakitazama kama wakala wa chama. Ami yangu alikataa katakata. "Sikuipigia kura," alisema, "leo yataka niinunulie kisanduku iingie nyumbani mwangu?"

Jirani mwengine alikuwa mtiifu kupita kiasi. Aliposikia analojia inazimwa, alielewa kwamba TV yake yenyewe ndiyo inayozimwa, maana ilikuwa na mgongo mkubwa, na mgongo ndio uanalojia. Akamuuzia mnunuzi wa vyuma kuukuu kwa bei ya sukari. Hazikupita siku nyingi akaiona kwa kinyozi, imewekewa king'amuzi, yaonyesha vizuri kuliko alivyopata kuiona yeye. Akanyolewa kimya.

Kwetu king'amuzi kiliingia kwa heshima zote. Mama alikiweka juu ya TV, akakifunika kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe cha Idi, kisipate vumbi. Rimoti akaivisha mfuko wa plastiki na kuifunga mpira. Kesho yake stesheni zikawa hazibadiliki. Betri zikatolewa, zikang'atwa, zikaanikwa juani. Rimoti ikapigwa kofi. Hatimaye akaitwa fundi. Alikuja na mkoba, akapiga magoti, akatazama nyuma ya TV kwa muda mrefu, akasema, "Mama, hii ni waya." Ili aufikie huo waya, akaondoa kitambaa. Rimoti ikafanya kazi papo hapo. Akalipwa. Alipoondoka, mama akakirudisha kitambaa mahali pake.

Faida siikatai. Masafa yaliyobeba stesheni moja ya analojia yanaweza kubeba zaidi ya kumi za dijitali, na picha ikija, huja imeoga. Taabu ni kwamba haina subira na watu. Analojia, mawimbi yakipungua, hukutupia chenga nawe ukaendelea: ukawajua wachezaji kwa mwendo wao, na mpira ukaukisia. Dijitali hutuma tarakimu. Zikitimia unaona kila kitu, zisipotimia mambo huganda vipande vipande. Niliwahi kumwona waziri amesimama mdomo wazi, jicho moja limehamia shavuni, na ami (maana alikuwa akija kutazama kwetu) akasema hiyo ndiyo picha yake ya kweli.

Lakini lililoniumiza mimi ni kuchelewa. Picha hufungashwa huko zitokako na kufunguliwa nyumbani, na kila king'amuzi hufungua kwa mwendo wake. Ukiishi Nyali, nyumba mbali na nyumba, hulijui hili. Kibokoni jirani akipiga chafya unamwombea rehema bila ya kuinuka kitini. Tarehe 8 Februari 2015 ilikuwa fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Bata, Kodivaa na Ghana. Dakika tisini, nyongeza, bila goli. Zikaja penalti, zikafika 22, wakapiga mpaka makipa. Nazo zote zilinifikia kwanza kwa kelele za jirani, aliyekuwa na king'amuzi cha aina nyingine. Mpigaji wangu bado anaupanga mpira, jirani keshaguna. Boubacar Barry, kipa wa Kodivaa, alipiga ile ya mwisho, ikawa 9 kwa 8. Mimi nilimtazama akiiendea hali najua imeingia, na Khalati dirishani keshapiga kigelegele. Ndipo nilipofahamu kwamba nyumba ile ya jirani yaonekana pia kutoka kwake.

Wiki iliyofuata ndiyo iliyomtajirisha fundi. Wenye vituo vikubwa na serikali walikuwa wakivutana mahakamani tangu mwisho wa 2013, kugombania nani apewe ruhusa ya kurusha mawimbi ya dijitali, na kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 14 Februari, siku ambayo wengine walikuwa wakinunuliana maua, NTV, KTN, Citizen na QTV zikatoweka hewani. KBC ilibaki. Redio zilisema, magazeti yalisema, baraza zima lilisema. Mama hakuambilika. Tamthilia yake ya Kimeksiko ilikuwa imemwacha bibi harusi mlangoni mwa kanisa, na mtu hakatiwi hapo kwa ajili ya kesi. Akaitwa fundi.

"Ni waya."

"Fundi, hizi stesheni zimezimwa nchi nzima," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma. "Ndugu yangu, hao wa redio wameuona waya wako?"

Akapanda paani kwetu, na kwa jirani wa kushoto, na kwa yule wa kulia. Mtaa mzima ulibadilishiwa waya mwezi ule ili kunasa stesheni ambazo hazikuwapo. Hata ami, aliyekwisha kununua kisanduku kwa siri, alionekana akishika ngazi.

Vituo vilirudi mwanzoni mwa Machi, baada ya kukaa gizani kiasi cha wiki tatu. Kwa bahati ambayo mimi hata leo siielewi, picha ya Citizen iliporudi kwetu, fundi alikuwa paani, koleo mdomoni, akigeuza antena upande wa Likoni. Mama akapiga ukelele. Vijana wakapiga makofi. Fundi akashuka taratibu, akapangusa mikono, akaketi kwenye kiti cha ami, akaletewa kahawa na haluwa.

"Si niliwaambia?" alisema.

Tangu siku hiyo, kupanda paani peke yake kukawa mia tano, waya mbali.